Kichwa cha Pini Tisa

Badi hakuwa na subira na watu waliokuja kuulizia waya. Alimwaga karai zima juu ya turubai, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Chagua, dada. Vichwa vyote nilivyonavyo ndivyo hivyo. Ukikosa humo, Tanga hii huvipati."

Fundi Mwantumu Semboja alichuchumaa. Vichwa vya waya vilitapakaa mbele yake: vya bapa, vya duara, vya printa za zamani, vya mizani za maduka yaliyokwisha kubomolewa. Vilitoka zama ambazo mashine hazikuongea mpaka zishikane. Siku hizi hata taa ya chooni haina waya, na mtoto ukimwonyesha plagi anakuuliza huyo ni mdudu gani.

Alivitenga vile vya pini tisa. Vilikuwa vingi, na wingi huo ndio ulimuudhi, kwa sababu alijua mwisho wake. Alichukua kimoja kimoja akakijaribu kwenye kipimo chake, kipande cha bati alichokitoboa kwa mkono wake mwenyewe, na kimoja kimoja kikagoma. Hiki pini zake nene, kile pini zimeachana. Kimoja kilizama sawasawa mpaka moyo ukamruka, akakigeuza ubavu, akakuta hakina kijino.

Kijino kilikuwa kipande cha plastiki cha pembeni, kidogo kama punje ya mchele. Kampuni iliyotengeneza vipumuo, mashine za kumvutia mtu pumzi kifuani, ilikiweka makusudi, ili mtu asije akachomeka ubavuni mwake kitu ambacho haikumuuzia yenyewe. Kampuni ilifilisika, wenyewe wakatawanyika, kijino kikabaki. Mwantumu alikwisha jaribu kukichonga kwa pembe ya ng'ombe. Alikwisha jaribu hata kutengeneza pini kwa sindano za cherehani, zikaota kutu kwa jasho la watu kabla mwezi haujaisha.

"Unatafuta nini hasa?" Badi akauliza. "Maana kwa macho hayo watu hutafuta wachumba."

"Dume la pini tisa. Pini nyembamba, lenye kijino."

"La kifuani?"

"La kifuani."

Badi akaacha utani. Alianza kurudisha vichwa karaini, taratibu. "Hayo hayaji kwenye vyuma chakavu, dada. Nani ayauze? Mtu anakuwa nalo mpaka siku ya kuzikwa."

"Najua."

"Sasa kama unajua, huku umefuata nini?"

Mwantumu alijikung'uta magoti. Alikuwa amekuja Tanga ili asiende mahali fulani huko kwao Korogwe, ambapo alijua fika kwamba lipo moja.

*

Lilikuwa linaning'inia kwenye msumari, nyuma ya mlango wa Bi Kilua, katika mtaa wanaouita Kambi ya Brashi.

Watu wa mtaa ule walikuwa wamefanya kazi kiwanda cha katani ujana wao wote, katika chumba cha kupigia brashi, ambako vumbi la nyuzi lilikuwa zito kiasi cha kumpoteza mtu aliyesimama mlangoni. Mapafu yao yalikwisha huko. Kampuni ikaja ikawapasua, ikawawekea kila mmoja kipumuo chini ya mbavu, na tundu dogo karibu na kwapa. Kutoka kwenye tundu ulishuka waya wa kiunoni hadi kisanduku cha mkandani. Kisanduku kilihisi kama mtu anatembea, anapanda au amekaa, kikakiambia kipumuo kivute pumzi kwa kadiri hiyo. Vijana wa leo wamewekewa vipya, vinavyoambiana hewani. Wazee waliambiwa kwamba kwa umri wao kupasuliwa tena ni hatari, basi wavumilie na waya.

Na kila kiangazi, vumbi likibadilika, ilikuwa lazima vipumuo vyote virekebishwe kwa mashine ya kliniki. Mashine ilikuwapo. Kilichokufa ni waya wake: pini zilikatikia ndani ya kichwa, hazikubaki hata za kushika kwa koleo.

Kambi ya Brashi walikuwa na desturi yao. Akifa mwenye kipumuo, waoshaji huchomoa waya wa kiunoni kabla ya kumwaga maji, wakawakabidhi wenye nyumba, nao huutundika nyuma ya mlango hadi arobaini. Siku ya arobaini, nguo za marehemu zikigawanywa, waya humwendea fundi, naye huutumia kuponyea nyaya zilizokufa. Kabla ya hapo hautoki nyumbani. Mwantumu mwenyewe alikuwa ameutundika wa mama yake, na kwa siku zote zile alikuwa akiushika kila anapotoka, kama watu wanavyoshika mkono.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni.

"Marahaba," Bi Kilua alijibu kutoka kwenye mkeka. "Umekuja kunipa pole, au umekuja kuangalia mlango?"

Mwantumu aliona aibu, kwa kuwa jicho lilikwisha kwenda msumarini lenyewe. "Pole nilikupa, mama, na leo nakupa tena. Lakini waya wa kliniki umekufa. Watu hawajarekebishwa na vumbi ndilo hilo."

"Udongo wa Nasoro haujakauka."

"Watu watakufa, mama."

"Na wangu amekufa. Nilimkosea nini Mungu mpaka mume wangu asisomewe hata arobaini?" Bi Kilua alivuta kanga akajifunika mabega. Sauti haikuwa ya ukali, na hilo lilimuumiza Mwantumu zaidi. "Waya huu hautoki humu ndani, mwanangu. Nenda salama."

Akaenda. Baadaye alikuja kujilaumu kwa kuondoka kwake haraka vile, kwa sababu Bi Kilua alikuwa amesema neno ambalo lingeweza kuwaokoa wote, naye hakulisikia.

*

Kwenye baraza la kliniki watu walikaa wima, migongo ukutani, wakivuta hewa kwa mabega. Midomo ya Mzee Shekue ilikuwa imegeuka rangi ya jivu. Muuguzi Pendaeli alipita akiwapepea kwa kipande cha boksi, akajua kwamba hasaidii kitu, akaendelea kupepea.

"Umepata?" aliuliza.

Mwantumu akatikisa kichwa.

"Kata wangu," sauti ikasema.

Alikuwa ni Mhina. Huyo ndiye aliyerekebishwa wa mwisho kabla pini hazijakatika, kwa hiyo alikuwa na pumzi ya kutosha hata ya kuchekea. Walikuwa wamekua nyumba moja na Mwantumu, mama zao ndugu, na tangu utotoni hakuna jambo ambalo Mhina hakulifanya kuwa mchezo.

"Kaka, wewe si maiti."

"Ndiyo maana nakupa kwa kinywa changu. Kwa Bi Kilua ungemwomba marehemu, angekujibu nini?" Alikuwa ameshafungua mkanda. "Wewe mwenyewe ulinifundisha. Kipumuo kisipoambiwa kitu, kinashika neno la mwisho kilichoambiwa. Mtu akilala kimya, anapumua. Mimi nitalala pale kitandani kama mwari, nyinyi fanyeni kazi, jioni unirudishie."

"Mimi hili silipendi," Pendaeli alisema. "Akiinuka je? Akikohoa?"

"Nitakohoa kwa adabu," Mhina akasema.

Mwantumu aliangalia baraza. Aliangalia midomo ya Mzee Shekue. Kumnyang'anya mtu hai kinachomtunza ili wengine wasife: jambo hilo hakuna aliyekuwa amelifanya Kambi ya Brashi, wala hakukuwa na desturi ya kulikataza, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri litakuja kutakiwa.

"Wifi Zaituni anajua?"

"Ukimwambia atakuja na mwiko. Tumwambie jioni, wakati nimeshakula." Mhina akalala, akajifunika shuka mpaka kidevuni, akafumba jicho moja. "Kata, mdogo wangu. Watu wanazama."

Akakata.

Aliyeyusha risasi ya kuungia nyaya, akatoa dume kwenye waya wa kiunoni, akaanza kulifunga kwenye waya wa kliniki. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kisanduku cha mkandani kilitengenezwa ili kikae na kipumuo kama mke na mume: mmoja anasemea pale pale mwenzake anaposikilizia. Kwa hiyo waya wa kiunoni hunyooka, mweupe pini ya pili, wa kijani pini ya tatu. Mashine ya kliniki haikutengenezwa hivyo. Yenyewe na kipumuo husemea pini ileile na kusikilizia pini ileile, ukiziunganisha moja kwa moja zinapigiana kelele bila kusikizana. Waya wa kliniki lazima upishane: mweupe ya tatu, wa kijani ya pili.

Akapishanisha. Mzee Shekue akarekebishwa wa kwanza, na midomo yake ikarudi kuwa ya mtu. Lakini shaba ya waya wa kliniki ilikuwa imezeeka, ikawa kila baada ya watu wachache inakatika shingoni, na kila ikikatika Mwantumu anarudia: anayeyusha, anasafisha, mweupe ya tatu, wa kijani ya pili. Alirudia mpaka hakuwa akiangalia tena. Alikuwa akizungumza na Pendaeli, akimtania mgonjwa, na mkono ukipishanisha wenyewe.

Jua lilipoinama, Mhina alikuwa ameanza kutoka jasho la kulala sana. Walibaki watu wa mwisho wa baraza, lakini si wenye hali mbaya, wakaambiwa warudi kesho kutwa, watatazamiwa njia. Mwantumu akalirudisha dume kwenye waya wa kiunoni. Akapima kwa mita. Mita ikalia kila alipotaka ilie. Akachomeka, taa ya kisanduku ikawaka kijani.

"Haya, panda ngazi," alisema.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Hakumwacha mtu aende bila kumpandisha na kumshusha ngazi za kliniki, yeye akiwa ameinama ubavuni mwake akisikiliza kipumuo kinavyobadili mwendo. Watu walimcheka kwa hilo, wakasema fundi anasikiliza mbavu kama mganga.

"Ngazi?" Mhina alikuwa ameshavaa kandambili. "Nimelala kutwa nzima kama gogo, tumbo limeshikana na mgongo. Taa si hiyo? Kesho nitakupandia kilima kizima."

Mwantumu alikuwa amechoka. Vidole vilimuwasha kwa moto wa risasi. Akacheka, akamwambia amsalimie wifi, akaanza kukusanya vifaa.

Taa ile husema umeme upo. Haisemi kitu kingine chochote.

*

Asubuhi Mhina alipandisha mbuzi kilimani nyuma ya nyumba yake. Walimkuta ameketi, ameegemea nguzo ya boma, kamba ya mbuzi mkononi. Kisanduku kilikuwa kinawaka kijani.

Wakasema ni moyo. Wakasema ni umri. Pendaeli, aliyekuwa analia, alisema labda kulala kule kutwa kulimdhoofisha, kisha akamwangalia Mwantumu haraka na kusema hapana, hapana, siku zake zilifika tu. Akazikwa alasiri ileile. Waoshaji walichomoa waya wakampa Zaituni, na Zaituni akautundika.

Mwantumu alikaa msibani na wanawake wengine, akapika, akaosha masufuria, akaitikia dua. Mlango wa chumba ulikuwa upande wake wa kushoto na kwa muda wote ule hakugeuza shingo kushoto. Alikuwa akirudia jioni ile kwa vidole, chini ya kanga, akijaribu kukumbuka waya mweupe aliupeleka wapi. Vidole havikukumbuka. Vidole vilijua njia moja tu.

Siku chache baadaye wale wa mwisho wa baraza wakaanza kubadilika midomo. Na Zaituni akamtumia mtu.

*

Zaituni alikuwa ndani, kwenye eda, amevaa nyeupe, amekonda mashavu.

"Kaa, wifi," alisema. "Nasikia kliniki hakuna waya."

"Hakuna, wifi."

"Na Bi Kilua alikunyima."

"Hakuninyima. Alisema hautoki nyumbani kwake mpaka arobaini."

"Na huu hautoki." Zaituni aliuelekezea kidole msumari bila kuuangalia. "Lakini nyumba hii ina ukumbi. Mwambie Pendaeli aje na mashine yake kwenye bajaji, na watu waje hapa. Mhina angetaka hivyo. Angewapikia na chai juu."

Kwa Bi Kilua pia kulikuwa na ukumbi. Mwanamke yule alisema waya hautoki. Hakusema watu wasiingie. Lilikuwa ni swali moja tu la kuuliza, pale mlangoni, na Mhina angekuwa saa hizi anamsumbua mbuzi wake.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia, wifi. Leo hii hii."

Watu wakaja. Pendaeli akaweka mashine juu ya stuli, wagonjwa wakakaa ukumbini, na Mwantumu akabaki chumbani na Zaituni, mlango umeshushwa pazia. Alisema angeifanya kazi peke yake, wifi apumzike. Zaituni akasema kwamba kupumzika ndiyo kazi aliyopewa kwa miezi minne na siku kumi, amechoka nayo, akachukua tochi akammulikia.

Mwantumu alifungua skrubu za kichwa. Kifuniko kikaachana.

Mweupe, pini ya tatu. Wa kijani, pini ya pili.

Zilikuwa zimefungwa vizuri. Risasi ilikuwa safi, inang'aa, kazi ya fundi mwenye mkono mzuri. Mhina alikuwa amepanda kilima chake na kisanduku kinapiga kelele mahali ambapo hakuna sikio, na kipumuo kimeshika neno la mwisho kilichoambiwa: lala, tulia.

Chuma cha kuyeyushia risasi kilikuwa kimeshapata moto mkononi mwake. Hakukuwa na haja ya kusema lolote. Angegusa tu, risasi ingeyeyuka, angetoa nyaya na kuzirudisha palepale zilipokuwa, na Zaituni angeona fundi anafanya kazi. Nje mtu alikohoa, kikohozi kile kirefu cha brashi. Kama angesema, nani angemwachia tena ubavu wake? Na akikataliwa yeye, Korogwe nzima nani mwingine wa kuwafungia waya?

Alisogeza ncha ya moto mpaka moshi mdogo ukapanda. Kisha akairudisha kwenye kigae chake.

Alikata waya katikati, akauunganisha na ule wa kliniki, mweupe kwa mweupe, kijani kwa kijani. Kichwa hakukigusa. Akarudisha kifuniko.

"Umemaliza?" Zaituni akauliza.

"Nimemaliza."

"Mbona kichwa hukukifumua? Siku ile Pendaeli anasema ulikuwa unakifumua na kukifumua. Ati wa kiunoni unanyooka, wa kliniki unapishana." Tochi ilikuwa bado inamulika mikono ya Mwantumu. "Na mwenyewe alikuwa akiusafisha kila Ijumaa hapa, mbele yangu. Mweupe ya pili. Alikuwa anaimba kabisa."

"Huu hauhitaji kufumuliwa."

"Kwa nini?"

"Umepishana tayari, wifi." Sauti ilimtoka ndogo. "Umepishana tangu jioni ile. Niliufunga mimi. Na ngazi sikumpandisha."

Tochi haikutikisika. Ilibaki palepale kwenye mikono, muda mrefu, na Mwantumu hakuthubutu kuinua macho juu ya mwanga ule. Alisikia pumzi ya Zaituni, pumzi nzima ya mtu mwenye mapafu yake mwenyewe, ikiingia, ikikwama, ikitoka. Alingoja kofi. Alingoja yowe. Angeshukuru kwa lolote kati ya hayo.

Nje yule mtu akakohoa tena, akashindwa kumaliza.

Tochi ikazimwa.

"Wapeleke kwenye ngazi za uani," Zaituni alisema. "Kila mmoja, ukimrekebisha, mpandishe na umshushe. Mimi niko hapa nyuma ya pazia. Nitasikiliza."

Mwantumu akatoka na waya. Akachomeka, mashine ikasikika, kipumuo kikajibu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi mmoja mnene aliyemshika bega kwa nguvu. Akamvalisha waya wake wa kiunoni, akampeleka uani, akampandisha. Aliinama ubavuni mwake akasikiliza, na juu ya ngazi ya mwisho kipumuo kikaongeza mwendo kama inavyotakiwa, kikamvutia bibi hewa, bibi akacheka kwa furaha na kumwombea fundi maisha marefu.

Hatua zikashuka.

Mwantumu alisimama akiangalia pazia, akingoja aitwe wifi, hata kwa hasira.

"Fundi," sauti ya Zaituni ikasema nyuma ya pazia. "Mwingine."